Mto wa Mchanga: Kuyasafisha Makorongo ya Dodoma Kabla ya Kuyapamba



Tumezoea kuona michoro ya kingo za mito yenye maji ya buluu, vijia vya kutembea jioni na migahawa ya samaki. Michoro hiyo haikuchorwa kwa ajili ya Dodoma. Hapa mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kiasi cha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, halafu makorongo hukauka kwa miezi saba hivi. Ukiyaona maji yakitiririka korongoni mwezi Septemba katikati ya mitaa, usishangilie. Uliza yametoka karo la nani.

Mfano unaopendwa sana na wapangaji miji ni Cheonggyecheon, kijito cha Seoul nchini Korea Kusini kilichofunuliwa upya mwaka 2005 baada ya barabara ya juu iliyokifunika kubomolewa. Kazi nzuri, sibishi. Lakini maji yake mengi husukumwa kwa pampu kutoka mto Han, tani 120,000 hivi kila siku. Sisi tungeyasukuma kutoka wapi? Jiji lenye mgawo wa maji haliwezi kumwaga maji korongoni ili wageni wapige picha.

Hazina ya mto wetu iko chini ya mchanga. Kwa miongo mingi Dodoma imekunywa maji ya visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora kaskazini mwa jiji. Mwaka 2013 jarida la Nature Climate Change lilichapisha utafiti ulioongozwa na Richard Taylor wa University College London, uliotumia kumbukumbu za kina cha maji ya visima hivyo kwa miaka 55. Ilionekana kwamba hifadhi ile ya maji haijazwi kidogo kidogo kila mwaka. Hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa, na mkupuo mkubwa kuliko yote ulikuwa wa El Niño ya 1997/98. Uchunguzi uliofuata ukaonyesha kwamba sehemu kubwa ya maji hayo hupenya kupitia vitanda vya mito ya msimu, ukiwemo Kinyasungwe Ndogo. Kwa maneno mengine, mvua ileile tunayoilaani kwa kubomoa nyumba na makalavati ndiyo iliyotujazia ghala.

Basi tazama tunavyovitunza vitanda hivyo vya mito. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika wilaya hii. Ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Serikali ilihamia, viwanja vikapimwa, nyumba zikapanda, lakini bomba la majitaka halikukimbia kwa kasi hiyo. Nyumba nyingi bado zinategemea vyoo vya shimo na makaro. Mvua ikianza, wapo wanaotapisha choo mtaroni usiku, na kila mjumbe wa nyumba kumi anawajua. Taka ngumu nazo husubiri furiko lizichukue. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, ila chupa, pampasi na matambara hayakusikia tangazo hilo.

Jambo la tatu halionekani kama uchafuzi, nami naliona baya kuliko mengine: tipa za mchanga. Jiji linalojengwa linahitaji mchanga, na korongo ndilo duka la karibu. Mchanga ukikwanguliwa hadi udongo mgumu, maji ya furiko hupita mbio bila kuzama, kingo huporomoka, na mama aliyekuwa akifukua kisima cha mchangani kiangazi hukuta mwamba. Taka unaweza kuzizoa. Mchanga uliokwisha kuwa ukuta wa ghorofa haurudi.

Tena mto hauishii mpakani mwa jiji. Kinyasungwe Ndogo huingia bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, ambako watu huvua, hunywesha mifugo na kumwagilia mashamba. Kutoka huko maji huelekea Kinyasungwe, kisha Mkondoa, bonde ambako mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliikata reli ya kati, hadi Wami na Bahari ya Hindi. Mvuvi wa Hombolo hajaalikwa katika semina hii. Alistahili kiti cha mbele.

Je, kingo ziendelezwe? Ndiyo, ila kwa ujenzi ambao furiko likipita halina cha kubomoa: viwanja vya mpira, vitalu vya miche, njia za baiskeli, migunga na mikwaju ya kivuli. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru mto ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Wengi huziona mita hizo kama ardhi iliyopotea. Mimi naziona kama bustani ya jiji ambayo sheria imekwisha kututengea, tunayoiuza vipande vipande. Dar es Salaam ilichelewa. Kwa bonde la Msimbazi, Benki ya Dunia iliidhinisha mwaka 2022 mkopo wa dola milioni 200, na sehemu ya kazi ni kufidia na kuhamisha watu ambao wangezuiwa mapema kwa gharama ya mawe ya mpaka.

Ugumu wetu hasa ni wa ofisi. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu hutoa kibali cha kumwaga majitaka, Tume ya Madini hutoa leseni ya mchanga, Halmashauri ya Jiji hutoa kibali cha ujenzi, na kila mmoja anaweza kuwa sahihi kwenye makaratasi yake huku korongo linakufa. Ramani moja ya makorongo, yenye mita 60 zake, maeneo ya kuchota mchanga na yale yasiyoguswa, ingewabana wote watatu. Naomba iwe kazi ya kwanza ya kamati itakayoundwa leo, ianzie Mzakwe, na iwekwe mezani kabla mchoraji wa bustani hajaitwa.