Nyumba ya Vyumba Sita

Hotuba ya Katibu iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Halmashauri imenitaka niseme machache juu ya mitaa ya mji wetu wa Dar es Salaam, nyumba zake na maduka yake. Nashukuru kwa heshima hiyo. Baadhi ya haya nimeyasoma vitabuni, na mengine nimeyapata kwa wazee wetu waliokaa Kariakoo na Ilala tangu utoto wao.

Mji huu Seyyid Majid alianza kuujenga katika miaka ya 1860. Mwaka 1891 Wajerumani waliufanya makao makuu ya serikali yao badala ya Bagamoyo, wakatoa na kanuni za ujenzi. Nyumba za Wazungu zilikaa upande wa bahari, maduka ya Wahindi katikati, na vibanda vya Waafrika nyuma yake. Ndiyo asili ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Waingereza walipoingia mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao, waliokuwa wakiitwa Carrier Corps, walipiga kambi upande wa magharibi. Ulimi wetu ukaligeuza jina hilo likawa Kariakoo. Wengi katika wapagazi wale hawakurudi makwao, na yafaa tuwakumbuke kila tulitajapo jina la mtaa huo. Baadaye uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kuitenga Kariakoo na Uhindini, lakini wananchi wakaufanya mahali pa kukutania, na humo yakasikika maneno ya kudai uhuru.

Sasa niseme juu ya nyumba yenyewe. Wazee wanaijua, lakini vijana wetu wengi hawajapata kulala ndani yake. Mbele ilikuwa na baraza. Ukiingia mlangoni ulikuta ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu mkono wa kulia na vitatu mkono wa kushoto. Nyuma ulikuwa uani, penye jiko, choo na kamba za kuanikia nguo. Kuta zilikuwa za miti na udongo, paa la makuti. Mwenye nyumba akipata kitu aliezeka kwa madebe yaliyopasuliwa, kisha kwa bati, akapiga na sakafu ya saruji. Haikumlazimu kukopa mali nyingi kwa siku moja, kwa kuwa nyumba ilikua pamoja naye.

Na hesabu yake ilikuwa nyepesi. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki akavipangisha kimoja kimoja. Mpagazi wa bandarini, fundi cherehani na karani waliishi chini ya paa moja, wote karibu na kazi zao. Wanawake wengi wa mji huu walipata nyumba kwa njia hiyo, na kodi ya vyumba ikawalinda katika uzee na ujane. Barazani waliuza vitumbua asubuhi na samaki wa kukaanga jioni. Pembeni mwa mtaa palikuwa na duka la Mwarabu au la Mhindi, lililouza mchele kwa kibaba na mafuta ya taa kwa kipimo, na aliyejulikana aliandikwa katika daftari mpaka mwisho wa mwezi. Naam, daftari lile liliwafunga wengi kwa madeni. Lakini liliwalisha pia siku ambazo mfuko ulikuwa mtupu.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka upesi. Mwaka 1962 liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa, na nyumba nyingi za udongo zikabomolewa ili zijengwe za matofali. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo makubwa ya kupangisha. Mwaka 1976 maduka ya watu binafsi yaliamriwa kufungwa ili yashike maduka ya ujamaa, na mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, wala havikuruhusiwa tena mpaka sheria ya mwaka 1982. Soko jipya la Kariakoo, lililochorwa na Bwana Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Likaungua Julai 2021. Tangu biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980, maghorofa yamechukua mahali pa mabati, na wateja huja kutoka Zambia, Malawi, Kongo na Komoro.

Sisemi kwamba ghorofa ni baya. Nyumba ya udongo ilivuja, na choo kimoja kwa jamaa sita kilileta maradhi. Neno langu ni hili: watu wa vyumba vile sita wamekwenda wapi?

Ninalo daftari la wanachama, nalo ndilo kitabu changu cha historia. Kila mwaka hupiga mstari juu ya anwani za Kariakoo na Ilala, nikaandika Mbagala, Chanika na Gongo la Mboto. Mama mmoja, mwanachama wetu, alirithi nyumba pamoja na ndugu zake sita. Mnunuzi alikuja na fedha taslimu, wakauza kwa juma moja. Fedha ilipogawanywa mafungu saba, fungu la mama halikutosha kununua hata chumba kimoja katika mtaa aliozaliwa. Leo huamka saa kumi za usiku aje kuuza vitumbua mbele ya ghorofa lililosimama juu ya uani wa mama yake.

Ndugu wanachama, kiwanja kile hakikuwa maskini. Waliokimiliki walikuwa wengi, na kila mmoja alisimama peke yake. Kwa ajili hiyo azimio lililo mbele yenu leo lina mambo matatu. La kwanza, mwanachama asitie sahihi ya kuuza nyumba kabla ya warithi wote na mwenzi wake kukaa pamoja, na karatasi kusomwa katika ofisi yetu. La pili, anayetaka kujenga na mwenye fedha aandikishe milango na orofa zitakazokuwa zake, maana sheria ya mwaka 2008 yamruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake. Na kibali cha ujenzi kionekane kwa macho. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. La tatu, tuanzishe mfuko wa kununua mafungu ya warithi wanaotaka kuuza, ili nyumba ibaki mikononi mwa wanachama.

Wapo wasemao kwamba mfuko huo utapunguza gawio letu la mwaka huu. Ni kweli, utalipunguza, na sitaficha. Lakini wazee wetu hawakuezeka bati kwa siku moja. Walianza na chumba kimoja, wakaongeza cha pili.

Nawaomba mlipime jambo hili kabla hamjainua mikono. Chama chetu kidumu.