Nani alilipa hii habari?

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Kalemie, tarehe 3 Mei, siku ya kimataifa ya uhuru wa vyombo vya habari



Leo wakubwa watatoa hotuba juu ya uhuru wa waandishi wa habari, na ni vizuri. Sisi tunataka kuongea juu ya kitu kidogo ambacho kila mtu hapa anakijua na hakuna anayekisema kwenye mikro: bahasha. Kwa jina lake la kazini, kupaje.

Kupaje inaenda hivi. Mbunge, waziri, mkubwa wa shirika ao hata mchungaji anaita waandishi. Wanakuja na mikro na kamera. Kazi ikiisha, mtu wa protokole anawavuta kando, anawakatia kila mmoja franga kidogo, eti ya transporti. Jioni habari inapita. Usikilize vizuri: hakuna swali hata moja ndani. Kuko jina la mkubwa, sifa zake na ahadi zake. Yule mama wa sokoni ambaye hakuwa na bahasha, sauti yake haiko.

Watu wanasema: waandishi wa Kongo wanapenda pesa. Sisi tunalikataa jibu hilo, ni rahisi mno. Kati yetu kuko waliosoma mawasiliano mpaka lisansi, na wanajua kinachowangoja: staji ya miezi, kisha miaka, bila mkataba na bila mshahara. Unapewa kadi na mikro, basi; chakula utajitafutia. Na mwenye rediyo anajua vizuri sana unakula wapi. Kwa hiyo kupaje si tabia mbaya ya kijana mmoja. Ni mshahara ambao mwenye rediyo amekataa kulipa, na mwanasiasa amekubali kulipa mahali pake. Anayekulipa ndiye unayemfanyia kazi.

Sasa tuwaangalie hao wenyewe. Wakati wa Mobutu mwenyewe alikuwa mmoja: OZRT ya serikali, ambako habari za televisheni zilianza na uso wa Prezida ukishuka kutoka mawinguni. Angalau hakuna aliyejiuliza nani anaongea. Baada ya hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990 mlango ulifunguka: magazeti yakaongezeka, kisha rediyo na televisheni za watu binafsi. Tulipata sauti nyingi, lakini nyingi kati yao ziko na baba wa kisiasa. Jean-Pierre Bemba alikuwa na CCTV na Canal Kin kule Kinshasa. Moïse Katumbi alikuwa na Nyota kule Lubumbashi. Alipoachana na kambi ya Prezida Kabila, haikupita muda: mwaka 2016 Nyota ilifungwa, wakasema ni juu ya kodi. Chombo cha mwanasiasa kinaimba pamoja naye akisimama, na kinaanguka pamoja naye akiangushwa. Wafanyakazi wanabaki njiani, na wasikilizaji wanabaki na kimya.

Na ile ya serikali? Katiba ya 2006, kifungu cha 24, inasema vyombo vya serikali ni huduma ya umma, na mikondo yote ya kisiasa na ya kijamii inapaswa kuingia humo kwa usawa. Kwa karatasi, RTNC ni mali yetu wote. Kila mmoja ajiulize lini alisikia raia wa kawaida akimuuliza mkubwa swali gumu mule.

Wengine watasema: basi tusikilize Radio Okapi. Ndiyo. Tangu 2002 inatupa habari kwa Kiswahili chetu, na watu wake wamelipa kwa damu: Serge Maheshe aliuawa Bukavu mwaka 2007, na Didace Namujimbo hukohuko mwaka 2008. Tunawaheshimu. Lakini ile nayo iko na mwenyewe, Umoja wa Mataifa, na MONUSCO ilifunga ofisi yake ya hapa Kalemie mwaka 2022. Mgeni anaweza kukusaidia kujua kinachopita nyumbani kwako, lakini siku moja atafunga mizigo.

Juu ya nini hii inatuhusu? Kwa sababu hapa kwetu habari ya uongo inaweza kuua. Mkoa huu umepitia vita vya Watwa na Waluba. Na kila mara vita ikisogea kule Kivu, watu wanashuka huku kwa njia ya ziwa, na maneno yanakimbia kwa WhatsApp kuliko boti. Siku hiyo mji unahitaji rediyo moja ambayo ikisema "si kweli, tumeenda kuona", mama anafungua duka lake tena. Imani ya namna hiyo hainunuliwi siku ya hatari. Inajengwa siku za kawaida, kwa habari ndogondogo za bei ya unga na hali ya barabara. Rediyo iliyokuuzia sifa za mbunge miaka mitano, usiku wa mbio utaiamini?

Kwa hiyo tumeamua mambo matatu.

Kwanza, kwenye pointi ya prese yetu hakutakuwa bahasha. Kutakuwa karatasi, picha, na watu walioona kwa macho yao. Mwandishi akihitaji kufika mbali na tukamlipia pikipiki, tutaandika hadharani tumelipa ngapi, na tunamuomba naye aseme hewani.

Pili, tutajibu maswali, hata yale yanayouma. Sisi pia tuko upande mmoja. Tamko letu si habari, ni neno la upande mmoja, na mwandishi anapaswa kwenda kusikiliza ule mwingine.

Tatu, tunaomba kila rediyo ya mji huu iwaambie wasikilizaji nani ni mwenyewe, iwalipe watu wake, na tangazo lililolipwa iliite tangazo.

Ndani ya mkutano wetu kulikuwa wenye kupinga. Walisema: bila bahasha hatutapita hewani, na madai yetu ya maji na barabara yatakufa kimya. Ni hoja nzito. Tayari rediyo moja imetujibu: "bila kitu, hatukuji." Lakini sauti unayoinunua leo kwa franga elfu kumi, yule unayemshitaki ataichukua kesho kwa elfu ishirini. Kwa mnada, maskini hashindi. Tunachoweza kumshinda mwenye pesa ni kitu kimoja: kuaminiwa.

Na wewe uliye na simu mkononi, kabla ya kutuma ujumbe mbele, uliza mara tatu: nani amesema? Nani alikuwa pale? Nani alilipa? Ukikosa majibu, usitume.

Kisha miezi sita tutarudi mbele yenu na hesabu: mara ngapi tuliita waandishi, wangapi walikuja, mara ngapi tulipita hewani. Ikiwa ni mara moja tu, tutasema mara moja. Mtatuhukumu kwa hiyo.