Ujumbe wa Bosi Saa Tatu Usiku

Msikilizaji, tubaki na jambo moja: ujumbe wa bosi kwenye WhatsApp saa tatu usiku. Vijana wengi hawaujibu mpaka asubuhi, na wakubwa wao wanauita uvivu. Lakini kumbuka, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa za ziada zina malipo yake. Ujumbe ule unalipwa?

Kwa upande wa pili, mwenye duka la watu watatu hana zamu ya usiku. Mteja akikwama, nani amjibu? Na tusifichane: kijana huyohuyo akitoka kazini huenda kuendesha bodaboda. Basi, muda anaoudai ni wa kupumzika, au wa kutafuta mshahara wa pili?