Mgeni Ndani ya Mwenyeji: Mifumo Endeshi ya Zamani na Uhifadhi wa Data za Kiswahili



1.0 Utangulizi

Mtafiti aliyekusanya msamiati wa lahaja ya Kiswahili mwaka 1996, akauchapa katika kompyuta yenye Windows 95 na kuuhifadhi katika diski ndogo ya inchi 3.5, alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba kazi yake imesalimika. Leo, hata kama diski hiyo bado inasomeka, faili lake yamkini litafunguka likiwa limejaa alama zisizoeleweka, au halitafunguka kabisa. Wazee waliohojiwa huenda wamekwisha kufariki, na maneno yao hayawezi kukusanywa mara ya pili.

Mhadhara huu unajadili njia mojawapo ya kuziokoa data za namna hiyo, nayo ni kuendesha mfumo endeshi wa zamani ndani ya kompyuta pepe. Hoja kuu ni kwamba matini ya kidijitali ni faili pamoja na mazingira lilimoandikwa. Anayehifadhi faili peke yake amehifadhi nusu ya ushahidi.

2.0 Maana ya kompyuta pepe

Kompyuta pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. Huwa na kumbukumbu yake, kioo chake na diski yake, ingawa diski hiyo kwa kweli ni faili kubwa tu katika kompyuta halisi. Mfumo endeshi uliopo katika kompyuta halisi huitwa mwenyeji, na ule unaopandishwa ndani yake huitwa mgeni. Mgeni hufanya kazi kana kwamba amewekwa katika mashine ya wakati wake.

Fikra hii si ngeni. Kampuni ya IBM iliitumia katika miaka ya 1960 ili watumiaji wengi wagawane kompyuta moja ya bei kubwa, na mwaka 1972 ikatangaza mfumo wake ulioitwa VM/370. Mwaka 1999 kampuni ya VMware ilileta programu ya aina hiyo kwa kompyuta za kawaida, na mwaka 2007 ikatoka VirtualBox. Ikiwa prosesa ya zamani ni ya aina tofauti kabisa na ya sasa, hapana budi kutumia programu inayoiga prosesa yenyewe, amri kwa amri. Hivyo ndivyo Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, kilivyofanya mwaka 2010 kwa kompyuta ya zamani ya mwandishi Salman Rushdie, ili watafiti wazione faili zake katika mandhari aliyozoea kuyaona yeye mwenyewe.

3.0 Kugeuza faili na kulisoma mahali pake

Wengi watauliza: kwa nini faili lisigeuzwe tu kuwa la muundo wa kisasa? Jibu linapatikana katika taaluma ya Kiswahili yenyewe. Katika hati nyingi za kale zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, alama tatu za irabu zilitumika kuwakilisha irabu tano, hata neno *mtu* na neno *mto* likaandikwa kwa sura moja. Anayehamishia hati hiyo katika herufi za Kilatini hulazimika kuchagua. Chaguo lake laweza kuwa sahihi, lakini baada ya kuchagua, utata uliokuwamo katika hati hauonekani tena. Ndiyo maana hapana mwanafilolojia makini anayeitupa hati asilia kwa kuwa imekwisha kunukuliwa.

Kugeuza faili ni unukuzi wa aina hiyo hiyo. Kabla ya Unicode kuenea, wanaisimu walitumia fonti maalumu ambamo alama za kifonetiki ziliwekwa mahali pa herufi nyingine. Fonti ikikosekana, king'ong'o au alama ya toni hugeuka kuwa herufi isiyohusika, na programu ya kugeuza haina njia ya kujua kwamba imekosea. Faili likifunguliwa katika mfumo wake wa asili, pamoja na fonti yake, mtafiti huona kilichokusudiwa, kisha hulinganisha na nakala iliyogeuzwa na kuirekebisha. Kwa hiyo njia hizi mbili si mahasimu. Ya kwanza ni shahidi wa ya pili.

4.0 Programu kama matini

Jambo la pili ni zito zaidi kwa wanaistilahi. Mwishoni mwa mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye Kiswahili. Windows XP nayo ilipata tafsiri ya Kiswahili. Kazi hizi ni sehemu ya historia ya lugha, kama zilivyo kamusi za wakati wake.

Orodha ya istilahi hutoa neno likiwa peke yake, lakini haionyeshi neno likitenda kazi katika sentensi. Kiingereza chaweza kutumia kiunzi kimoja cha ujumbe kwa kila kitu kinachofutwa. Kiswahili hakiwezi: kabrasha *limefutwa*, ukurasa *umefutwa*, picha *imefutwa*. Neno *faili* lenyewe huwekwa na wengine katika ngeli ya LI-YA na wengine katika ya I-ZI. Mfasiri aliyaamuaje haya? Jibu linapatikana wakati programu inapoendeshwa na ujumbe kutokea kiooni. Programu isiyoweza kuendeshwa ni kitabu kilichofungwa.

5.0 Masharti na mipaka

Kompyuta pepe haiifufui diski iliyokufa. Kazi ya kwanza, na ya haraka, ni kunakili diski yote kama ilivyo, kisha kuiweka nakala hiyo pasipo kuigusa na kufanyia kazi nakala nyingine. Pili, mgeni asiunganishwe na intaneti bila sababu. Windows XP, kwa mfano, iliacha kupewa marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014. Tatu, programu nyingi zina leseni, na umri wa programu hauiondoi haki ya mwenyewe. Mwisho, kompyuta pepe nayo ni programu itakayochakaa. Yafaa maelezo ya mfumo, fonti na programu zilizotumika yaandikwe pia kwenye karatasi.

6.0 Hitimisho

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mfumo wa zamani unaokaribishwa katika kompyuta ya leo huponya kumbukumbu ya mwenyeji wake. Idara za Kiswahili zina makabati yenye diski za miaka ya 1980 na 1990, na baadhi ya waliozijaza wangali hai na wanakumbuka fonti na programu walizotumia. Diski huharibika, na kumbukumbu za watu hupotea nao. Inafaa wanafunzi wa shahada za juu wakabidhiwe kazi hii sasa, kabati kwa kabati, wakiwa na wazee hao pembeni.