Rifampisini, Ini na Dawa Nyingine za Mgonjwa
Mada kwa semina ya wafamasia, matabibu na wauguzi wa kliniki za kifua kikuu

1.0 Utangulizi

Nimeombwa nieleze jinsi vimeng'enya vinavyoshughulikia dawa na sumu mwilini. Misingi yake mliisoma chuoni, hivyo nitaipitia haraka. Muda mwingi nitautumia kwa jambo moja linaloendelea kuwaumiza wagonjwa wetu: kuanzisha rifampisini bila kuuliza mgonjwa anatumia dawa gani nyingine.

2.0 Misingi kwa ufupi

Dawa nyingi huyeyuka katika mafuta, na figo huzitoa kwa shida zikiwa katika hali hiyo. Ini huzibadilisha, aghalabu kwa hatua mbili. Kwanza, vimeng'enya vya kundi la saitokromu P450 huzifanyia oksidisho. Kisha vimeng'enya vingine huzibandika kemikali ya mwili, kama vile glutathioni, ili ziyeyuke katika maji na kutoka kwa mkojo au nyongo.

Si kila badiliko lina heri. Aflatoksini B1, sumukuvu ya mahindi na karanga, hugeuzwa na vimeng'enya hivyo hivyo kuwa kemikali inayoharibu vinasaba vya seli za ini. Watu nao hutofautiana kwa kuzaliwa: mwenye kimeng'enya cha NAT2 cha polepole hukaa na isoniazidi mwilini kwa muda mrefu zaidi, na hatari yake ya kupata ganzi ya miguu huongezeka. Ndiyo maana tunasisitiza vitamini B6.

3.0 Tatizo lenyewe

3.1 Linavyotokea

Rifampisini ikiingia katika seli ya ini hushikamana na kipokezi kiitwacho PXR. Kipokezi hicho huamsha jeni ya CYP3A4 na jeni nyingine kadhaa, na ini huanza kutengeneza vimeng'enya kwa wingi. Ongezeko hufikia kilele katika wiki 1 hadi 2 na hudumu miezi yote 6 ya matibabu. Baada ya dozi ya mwisho, ini huhitaji takriban wiki 2 kurudi katika hali yake. Muda wote huo, dawa nyingine zinazopita njia hiyo huvunjwa kabla hazijamaliza kazi.

3.2 Uzazi wa mpango

Mama anaingia chumba cha TB. Muuguzi anampima uzito, anasoma jedwali la dozi, anahesabu vidonge na kumsimamia ameze. Yote yamefanyika sawasawa. Lakini chini ya ngozi ya mkono wake, palipofunikwa na gauni, kuna kipandikizi, na kadi yake ya uzazi wa mpango ameiacha nyumbani. Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu fomu iliyo mezani haina swali hilo. Mimba ikiingia, kipandikizi kinaambiwa kibovu, au mama anaambiwa si mkweli.

Madaktari wa Ujerumani walieleza mgongano wa rifampisini na vidonge vya uzazi wa mpango mwaka 1971. Imepita zaidi ya miaka 50. Vigezo vya Shirika la Afya Duniani viko wazi: kwa anayetumia rifampisini, vidonge vyenye homoni mbili vipo kundi la 3, yaani hatari kwa kawaida huzidi faida, vipandikizi vipo kundi la 2, sindano ya DMPA na kitanzi vipo kundi la 1. Elimu tunayo. Kinachokosekana ni swali moja la kumuuliza mgonjwa.

3.3 Dawa za VVU na nyinginezo

Anayetumia kidonge cha TLD hupata dolutegraviri miligramu 50 kwa siku. Akiwa kwenye rifampisini anahitaji miligramu 50 nyingine saa 12 baadaye, na aendelee hivyo wiki 2 baada ya kumaliza rifampisini. Mara nyingi kidonge hicho cha pili hutolewa CTC, yaani kliniki ya VVU, ilhali rifampisini hutolewa chumba cha TB. Vyumba hivi viwili visipozungumza, mgonjwa huchelewa kuanza dozi ya pili, au huiacha siku ile ile anayoagwa chumba cha TB.

Kwa warfarini, hatari ina pande mbili. Dozi hupandishwa wakati wa rifampisini. Isiposhushwa baadaye, mgonjwa anaweza kuvuja damu.

4.0 Mapendekezo

Kwa kuzingatia miongozo ya Wizara, na bila kuchukua nafasi yake, napendekeza:

(a) Kila mgonjwa aulizwe dawa zote anazotumia kabla ya dozi ya kwanza ya rifampisini.
(b) Swali la uzazi wa mpango liandikwe kwenye fomu ya kuanzia tiba.
(c) Wanaotumia vidonge au vipandikizi washauriwe kuhusu DMPA, kitanzi, au kondomu kama kinga ya nyongeza.
(d) Chumba cha TB na CTC vikague orodha zao pamoja kila wiki.
(e) Tarehe ya kuacha dozi ya pili ya dolutegraviri iandikwe kwenye kadi zote mbili.
(f) Wanaotumia warfarini, dawa za kisukari au prednisoloni wafuatiliwe wakati wa tiba na baada yake.
(g) Dawa iliyoshindwa kufanya kazi iripotiwe kwa fomu ya njano ya TMDA, kama madhara mengine yanavyoripotiwa.
(h) Wanaotumia rifapentini kwa kinga ya TB waulizwe maswali hayo hayo, kwani nayo huamsha vimeng'enya.
(i) Narudia: mgonjwa aulizwe dawa zote anazotumia, na aulizwe tena kila anapokuja.

5.0 Hitimisho

Ndugu washiriki, rifampisini ni nguzo ya tiba ya kifua kikuu, na hakuna mgonjwa anayepaswa kuiacha kwa sababu ya niliyoyasema. Mapendekezo mengi niliyoyataja hayasubiri bajeti wala kibali kutoka juu. Fomu zitachelewa kubadilishwa, swali lisichelewe. Naomba kila mmoja wetu aanze kuliuliza kesho asubuhi, kwa mgonjwa wa kwanza atakayeingia.