Nesi Aulizwe Kwanza

(Mazungumzo kwa wanakisomo wa Kibaha na Kisarawe)



Leo tunazungumza juu ya simu. Si simu ya kupigia salamu wala ya kutumiana pesa. Ni simu inayosaidia kutibu watu.

Wazee wetu wanaukumbuka mwaka 1973. Mwaka huo ilikuwako kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio ilisema, watu wakasikiliza. Simu ya siku hizi inaweza kusema na kusikiliza pia. Sasa tuulizane: inamsikiliza nani?

Hapa Kibaha uliletwa mpango uitwao Afya-Tek. Mpango huo uliwaunganisha watu wa aina tatu kwa programu ya simu: mhudumu wa afya wa kijiji, watumishi wa zahanati na vituo vya afya, na wauzaji wa maduka ya dawa muhimu. Programu ni maagizo yaliyowekwa ndani ya simu ili ifanye kazi fulani. Kwa karatasi peke yake, mama mjamzito akipewa rufaa na kuondoka, basi. Amefika? Amekosa nauli? Mume amekataa? Aliyemwandikia hajui. Kwa programu, habari za rufaa zinatangulia kituoni. Mama asipoonekana, mhudumu anajua nyumba ya kwenda kubisha hodi.

Mpango huo ulitumia pia alama za vidole, maana akina Mwajuma ni wengi. Hapa tucheke kidogo. Sisi tulikwenda kisomoni ili tuache kuweka dole gumba, tuandike majina yetu. Leo kidole kimerudi! Lakini mkono wa mkulima umesuguliwa na jembe, na mara nyingine mashine haisomi alama zake. Mtu wa ofisini hawezi kulifikiria jambo hilo. Anayeliona ni yule anayeushika mkono huo kila siku.

Ndiyo maana tunasema nesi aulizwe kwanza.

Fikirini leba usiku. Nesi yuko peke yake na wazazi wawili. Mmoja amejifungua na damu haikatiki. Nesi amevaa glavu, na glavu zimelowa. Je, aivue glavu abonyeze simu? Programu ikimwuliza maswali 20 kabla ya kumwonyesha la kufanya, ataiweka kando, na atakuwa amefanya vema. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa katika muda wa saa chache tu. Basi nesi atawaambia watengenezaji: weka jambo la kwanza mbele, kwa maandishi makubwa, kwa Kiswahili. Maswali mengine niulize asubuhi.

Atawaambia na mengine. Anaandika katika daftari la wodi, anaandika kadi ya kliniki, anaandika taarifa ya mwezi. Mkimwongezea simu, mnampunguzia nini? Mtandao ukikatika, programu itayatunza maandishi mpaka urudi, au yatapotea? Simu ni ya nani, na vocha ananunua nani?

Lakini kuna kuuliza na kuuliza. Nesi akiitwa semina, akaulizwa mbele ya mkubwa wake kama programu ni nzuri, atasema ni nzuri. Angesema nini? Huko si kuuliza. Mtengenezaji akae naye zamu nzima, ya usiku, amwone anapokwama.

Ndugu zetu wa Kisarawe mnajua jambo jingine. Wilaya yenu inapakana na Dar es Salaam, lakini mtu wa Vikumburu akiuguliwa usiku, Dar haimsaidii kitu. Kwake simu inahitaji gari nyuma yake. Mpango wa m-mama, uliozinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022, uliligusa jambo hili. Namba yake ni 115, na kuipiga ni bure. Mama mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga akipata dharura, atafutiwe gari la wagonjwa, au dereva wa kijijini anayelipwa na mpango. Hata simu ya kitochi inatosha. Iandikeni namba hiyo mlangoni.

Na siri zetu je? Ugonjwa wa mtu si habari ya kilabuni. Iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Anayeandika habari zako katika simu akueleze anazichukua kwa kazi gani, na nani atazisoma. Kuuliza si utovu wa adabu.

Basi wageni wakija kijijini na programu mpya, wapokeeni vizuri. Wapeni viti. Kisha waulizeni: nesi wa zahanati yetu mlimwuliza lini, alikataa nini, nanyi mkabadilisha nini?