Mteja Kijana, Mteja Mama

Muuza vitenge wa Kariakoo anayetangaza mali yake Instagram ana wateja wa namna mbili. Kijana huona video usiku, hulipa kwa M-Pesa, kisha husubiri bodaboda. Mama yake hupiga simu kwanza: duka liko mtaa gani? Naye hulipa akishakishika kitenge mkononi. Akikikataa mlangoni, nauli ya bodaboda inamwangukia muuzaji, na faida ya siku imekwenda. Hata hivyo, kumpuuza mama huyu ni kosa kubwa. Kijana huhamia kwingine kwa tofauti ya shilingi elfu moja. Mama akiridhika, huleta kikoba kizima. Wauzaji wetu waandike bei waziwazi, na simu ikiita, waipokee.